Mbeleko za Fundi Viti

2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na mgongo wako? Na kile kikohozi cha vumbi la sponji, kimehama au bado kinaishi nawe?

Sisi hatujambo. Ukiona mistari inapanda mlima, ujue ninaandika kwa mkono mmoja. Mwingine ameuchukua mjukuu wako. Juzi Jumapili ametimiza wiki sita. Alizaliwa na kilo mbili na kidogo, wewe ukampa jina la Kilo Mbili kabla hata hujamwona, na sasa mkunga ameandika kwenye kadi kilo tatu na robo. Jina limeharibika, tafuta lingine.

Ananyonya vizuri na analala vizuri, mradi alale juu ya mtu. Ukimlaza kitandani, hata ukimshusha taratibu kama unashusha trei ya mayai, anafumbua jicho moja, anakutazama kama hakimu, halafu anapiga kelele mpaka jirani wa ghorofa ya juu anagonga sakafu. Mkwe wako anarudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, si unajua kazi za nguzo za umeme. Siku nyingine zote ni mimi na yeye. Nimejifunza kupiga mswaki, kufagia na kufungua kopo kwa mkono mmoja. Viatu vya kamba nimevisamehe.

Sasa habari yenyewe. Mkuu wa maktaba amekubali nirudi kazini tarehe mosi Aprili, nusu siku, nikiwa na mtoto! Unamjua yule mama, kucheka kwake ni mpaka ajaze fomu. Ameniambia, "Mikono yako miwili naihitaji kwenye rafu. Mtoto sina neno naye. Akipiga kelele mara tatu nitamwandika kwenye daftari la wasomaji watukutu." Lakini nikikosa njia ya kumbeba huku mikono iko huru, nafasi anapewa mtu mwingine, na kumwacha mchanga hivi kwa mtu nisiyemjua siwezi, Baba.

Kwa hiyo Jumamosi ninakwenda dukani kuchagua mbeleko. Ziko za kila namna: kitambaa kirefu cha kujizungusha, cha pete begani, na zile za mikanda na klipu. Mkunga ananiambia mgongoni bado mpaka shingo ikaze, kwa sasa abebwe kifuani. Nitakuandikia nimechagua ipi.

Anakusalimu Kilo Tatu na Robo.

Binti yako


6 Februari

Mwanangu, Binti Kitabu,

Marahaba, marahaba, na ya tatu mpe mjukuu. Mimi ni mzima kama nondo. Kikohozi nilikifukuza, kikaondoka na usingizi wangu, lakini barua yako imenirudishia usingizi na kuniondolea tena kwa furaha.

Dukani usiende! Nasema tena, mguu wako usikanyage dukani! Binti wa Fundi Viti anunue mbeleko? Watu wakisikia nitazificha wapi sura zangu, na ninazo mbili, ya kazini na ya harusini? Mimi niliyeishia darasa la tano kwa sababu mwalimu alichoka kusahihishwa, nikazunguka na malori miaka kumi na moja, nikalala katika miji ambayo hata mbwa wake wanabweka kwa lugha nyingine, halafu nikashika sindano na sijaiacha hadi leo. Nimeshona viti vya mabasi. Nimeshona viti vya teksi. Nimeshona kiti cha gari la waziri mmoja mnene hivi, akikaa kiti kinaomba likizo, na mshono wangu haukufunguka hata uzi mmoja. Sembuse kilo tatu na robo!

Vipimo usinitumie. Nimekulea tangu mama yako, Mungu amrehemu, alipotuacha ukiwa na miaka minne. Mabega yako nayajua, na jicho langu ni rula. Nitakutengenezea ya mikanda na klipu, klipu za mkanda wa usalama wa gari, zile zinazomzuia mtu mzima asipite kwenye kioo.

Simu yangu usiipige. Ilitumbukia kwenye kopo la gundi ya ngozi, na kopo limekataa kuiachia. Barua mpe dereva wa basi la asubuhi kama kawaida, jioni ninayo mkononi.

Kaa mkao wa kupokea.

Baba yako, fundi wa mafundi


14 Februari

Binti Kitabu,

Hujambo na Kilo Tatu hajambo? Mimi natembea huku nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi, maana kazi imekwisha na imenishangaza hata mimi.

Fungua kifurushi polepole, kaa chini kwanza. Nje ni turubai jepesi la kijani, maji hayapiti hata ukisimama chini ya bomba. Ndani ni sponji laini ya kiti cha mbele, cha mbele, si cha nyuma, na juu yake kitambaa cha pamba. Mishono ni mitatu mitatu. Mikanda ni ya gari. Nimeijaribu: nilitundika mbeleko kwenye boriti ya karakana, nikatia ndani mfuko wa saruji wa kilo hamsini, ukaning'inia siku mbili. Wateja wakiingia wanainama kuupisha. Haukushuka hata unywele!

Na kuna siri ya ufundi humo. Kiti ukikishona kwa kubana, kitambaa kinachanika sponji ikijaa. Kwa hiyo sisi mafundi tunaacha nafasi ya kidole gumba kila upande, kitu kipate kukaa na kutulia. Mjukuu wangu nimemwachia vidole viwili kila upande. Azame humo ndani, ajikunje kama paka kikapuni, anenepe hadi aijaze.

Ukiivaa niandikie siku hiyo hiyo. Nataka kila kitu: alisema nini, alitazama wapi, jirani wa juu alinyamaza?

Baba yako, fundi wa mafundi wote na wengine watakaozaliwa


22 Februari

Binti Kitabu,

Salamu nyingi kwako na kwa mjukuu. Mimi sijambo ila shingo inaniuma kwa kutazama barabarani basi la jioni linapofika. Dereva ameanza kunitikisia kichwa akiwa bado mbali, ili nisijisumbue kusimama.

Najua, mtu mwenye mikono miwili huru ana mambo mengi ya kufanya. Umeshafunga viatu vya kamba?

Huku mbeleko imeleta mambo! Nilishona ya pili nikaitundika dirishani, nione tu watu watasemaje. Msusi wa kona ya pili akaingia na kichanga chake. "Fundi, hii nini?" Nikamwambia hii ni kazi, mama, ulizowahi kuona kabla ya hii zilikuwa mazoezi. Nikampa bure, zawadi kwa heshima ya mjukuu wangu. Kesho yake wakaja wawili.

Andika, mwanangu, hata mstari mmoja unaopanda mlima.

Baba yako


27 Februari

Mwanangu,

Je, mko salama? Sasa ninauliza kwa dhati, bila mzaha.

Dereva anasema barua kutoka kwako hakuna, lakini mkwe wangu alimwona kituoni Jumapili, ni mzima, anacheka. Basi nikajipa moyo kwamba ni shughuli. Nami ninazo. Mbeleko zimefika sita mtaani humu! Msusi, mama mapacha amechukua mbili, mwuza maua, mwalimu wa chekechea, na yule mwoka mikate mwenye mikono ya unga. Wakipita pamoja asubuhi utadhani jeshi langu. Kesho naanza nyingine nne. Nimefikiria niandike jina langu kwenye mfuko wa mbele, kwa uzi mwekundu.

Nijibu tafadhali.

Baba yako


28 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mtoto mzima. Nimeanza na hilo ili uendelee kusoma ukiwa umekaa.

Baba, usimpe mtu mbeleko nyingine. Zile sita zirudishe leo, usingoje kesho. Simu yako nimeipiga mara tisa ingawa ulinikataza. Barua hii namkabidhi dereva mkononi, na nimemwambia asikutikisie kichwa, akuletee mpaka karakana.

Nilipaswa kukuandikia siku kumi na mbili zilizopita. Ilipofika jioni, asubuhi yake niliivaa. Niliruka chumba kizima kwa furaha, Baba, mikono yote miwili hewani! Mtoto akazama ndani, akajikunja kama ulivyosema, akanyamaza. Nikaosha vyombo. Nikafunga viatu vya kamba. Nikasema moyoni, baba yangu hana mfano. Nikatoka naye kwenda kliniki kumpima.

Mkunga akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Nikamwambia, "Humu."

"Humu wapi? Mimi naona mfuko."

Akatia vidole viwili chini ya kidevu cha mtoto, havikupita. Kidevu kilikuwa kimelala kifuani, shingo imejikunja, uso umegeukia sponji. Hakuwa amelala, Baba. Alikuwa anakoroma kidogo sana, na midomo imeanza kugeuka rangi. Mkunga alimtoa kwa mkupuo mmoja, akamnyoosha, mtoto akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Walimweka pale hadi saa saba, wakamsikiliza kifua mara tatu. Hana dhara lolote. Lakini mkunga hakunifichia: mtoto mchanga koo lake ni jembamba kama mrija, likikunjwa hewa inakatika, na hana nguvu ya kuinua kichwa wala ya kulia. Ananyamaza tu, na mama anafurahi kwamba amenyamaza.

Ile nafasi ya vidole viwili ndiyo iliyomshusha na kumkunja. Na turubai linalozuia maji linazuia hewa vilevile.

Sikukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuona unasoma kicheko kinakutoka usoni. Nikasema nitanunua nyingine kimyakimya, nitakudanganya. Halafu jana jioni ikaja barua yako inayosema ziko sita mtaani. Sita, Baba! Nimelia hadi mtoto akanishangaa.

Nakupenda. Zirudishe.

Binti yako


5 Machi

Baba,

Shikamoo. Dereva anasema alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama, ukafunga karakana saa kumi jioni, na tangu siku hiyo haijafunguliwa. Uko wapi? Sikukuandikia kukuvunja. Nijibu hata tusi.

Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tusi sina. Nimekutafutia nikakosa.

Karakana niliifunga kwa sababu mtu mmoja hawezi kubisha milango mitano akiwa kwenye cherehani. Sikiliza mambo, na ucheke pale ninapostahili kuchekwa, nimezoea kulipwa kwa njia hiyo.

Nilianza kwa msusi. Njiani nikapanga maneno, si unanijua. Nikamwambia, "Mama, naiomba mara moja mbeleko, nataka kuitia nakshi." Akafurahi. "Fundi wewe! Basi ngoja niitumie wiki hii, nitakuletea Jumatatu." Na mtoto yumo ndani, nimeona kisogo tu! Nikauacha uongo wangu pale mlangoni. Nikamwambia, "Hapana mama, mtoe. Mtoe sasa hivi. Nimekosea. Mjukuu wangu mwenyewe nusura anifie humo." Saluni nzima ikageuka, hata aliyekuwa chini ya kikaushia nywele. Akamtoa. Alikuwa mzima, jasho tu. Akanitazama akasema, "Fundi, siku zote unasema wewe hukosei." Nikamwambia siku zote nilikuwa nasema, ni kweli.

Baada ya hapo milango mingine sikupanga maneno. Mama mapacha alinitukana vizuri, kwa mpangilio, kuanzia mimi kurudi nyuma hadi babu yangu, halafu akanipa maji ya kunywa. Mwuza maua alilia. Mwalimu wa chekechea alinisahihisha sentensi huku ananirudishia. Nikawa na tano begani, natembea nazo mchana kweupe katikati ya mtaa niliojisifia, watu wananiuliza, "Fundi, unauza?" Nawajibu, "Nakusanya makosa yangu, mnayo mengine?"

Ya sita sijaipata, mwanangu. Mwoka mikate amehama. Tanuri limezimwa, mlango una kufuli. Majirani wanasema amekwenda kwa dada yake, wengine wanasema mji wa reli, wengine mji wa kiwanda cha sabuni. Mtoto wake ana miezi miwili. Nimekwenda mji wa reli siku mbili, nikauliza kila palipo na harufu ya mkate. Hayupo. Sili vizuri. Kila nikifumba macho naona kijani.

Zile tano nimezikata kwa mkasi, klipu nimetoa, turubai nimefunika kuni.

Na wewe usiniombe nishone nyingine. Nitabaki na viti. Kiti ukikikosea hakifi. Nenda dukani, mwanangu, ukanunue.

Baba yako


12 Machi

Baba,

Shikamoo, tena ya kupiga magoti. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nilimsomea mjukuu wako kwa sauti. Kwenye mama mapacha alitabasamu. Mkwe wako anasema ni gesi, mimi nasema ameelewa.

Mtafute mwoka mikate. Tafuta mji wa sabuni. Mikate haijifichi.

Na dukani nilikwenda. Zile za saizi yangu zimekaa vibaya, moja inamwacha miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba, nyingine ni mfuko wa begani ambao mkunga aliniambia nisiuguse kabisa, maana mtoto analala humo amejikunja, yale yale. Iliyo nzuri ni kubwa, mpaka afike kilo nne na nusu. Leo ni tarehe kumi na mbili. Kazini ninatakiwa tarehe mosi. Jana mkuu wa maktaba ameniuliza kama awaite watu wengine kwenye usaili.

Kwa hiyo nakuomba ulichokataa nisikuombe. Wewe ulipima mikanda, Baba. Ulipima saruji. Hukumpima mtoto. Sasa nenda kliniki ya mtaa wenu, umwombe mkunga akufundishe, ukae na kina mama uone. Halafu ushone. Nami kabla sijamtia mtoto nitampelekea mkunga wa huku, akiikataa nitakwambia siku hiyo hiyo, sitanyamaza tena hata saa moja. Ndiyo ahadi yangu.

Vipimo viko nyuma ya karatasi, vya kwangu na vya kwake. Nimepima kwa utepe, jicho lako lipumzike.

Binti yako


23 Machi

Binti Kitabu wangu!

Salamu kwa herufi kubwa! Hamjambo? Mimi sijambo hadi nimezidi, nimekunywa chai vikombe vinne na sijaketi. Nimempata!

Mji wa sabuni. Nilishuka kituoni nikafuata pua. Nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda, mlango wazi, na yeye huyo mezani anapanga mikate, na kifuani ile mbeleko ya kijani, na mtoto yumo. Nikapaza sauti toka barabarani, "Mtoe! Mtoe mtoto!" Akadhani nyumba inaungua.

Akageuka. Na uso wa mtoto nikauona! Wote! Pua, mdomo, nyusi, ananitazama kama mimi ndiye ninayehitaji msaada. Kidevu kiko juu. Shavu limelala kifuani kwa mama yake, na mama akishusha midomo kidogo tu anambusu utosini.

Nikamwambia, "Mama, hii si kazi yangu."

Akacheka. "Ni yako Fundi, ila ulinipa gunia. Siku ya kwanza nilimtia nikamwita, sikumwona. Nikasema mimi mtoto nisiyemwona simbebi. Nikakaa na sindano ya kushonea magunia ya unga nikalipunguza."

Amenyanyua mkono nikaona. Ameingiza mshono ndani vidole viwili kila upande, vile vile nilivyoviacha mimi, amevimeza vyote. Turubai amelibandua mgongoni lote. Sponji ametupa. Sehemu ya kukalia ameipanua, inashika paja zima hadi nyuma ya goti, magoti yamepanda juu kuliko makalio, mtoto amekaa kama chura juu ya jani. Hata anapooka hamvai, akifungua tanuri anampa dada yake kwanza. Nikamuuliza nani kamfundisha. "Kliniki walisema siku moja tu, Fundi. Wewe hukuwepo, ulikuwa unatundika saruji."

Nimeshona miaka arobaini na nimefundishwa mshono na mwoka mikate, kwa sindano ya magunia! Nikamwomba aniruhusu niuchore. Akanipa karatasi ya kufungia mkate na akanisahihisha mara mbili.

Na kliniki nilikwenda. Usimsimulie mtu. Wanawake ishirini na mimi, benchi la mbele. Mkunga wa kwetu akanipa mwanasesere wa kilo tatu, shingo yake ya mpira inalegea kama ya kweli, akasema, "Haya Fundi, wewe uliyezunguka dunia, mbebe." Nikamvaa. Akaita wote, "Kina mama, mtoto huyu anapumua?" Wakajibu kwa sauti moja, "Amekufa!" Nikakaza, nikamvaa tena. "Amekufa!" Mara ya nne ndipo msusi, naye alikuwepo, akasema, "Huyu yuko hai, lakini anamchukia babu yake." Nilicheka hadi mwanasesere akaniruka. Nimerudi mara tatu. Sasa najua ambayo sikuyajua: imkaze kama kukumbatia, siyo kama kufunga mzigo. Mgongo wake ushikwe usiporomoke. Ukiokota kitabu cha rafu ya chini, piga magoti, usiiname kiuno, na mkono mmoja nyuma yake. Chai ya moto weka mbali. Usimvalishe nguo nyingi humo, mwili wako tayari ni blanketi. Na akiwa kimya mno, mtazame, usifurahi kwanza.

Hii hapa. Pamba tupu, mgongoni wavu, hewa inaingia na kutoka bila kubisha hodi. Nimeifuata karatasi ya vipimo vyako, na palipo na shaka nikafuata mchoro wa karatasi ya mkate. Mkunga wa hapa ameivuta, ameigeuza, amemtia mwanasesere, amepitisha vidole viwili chini ya kidevu. Vimepita. Hata hivyo mpelekee wa kwako kwanza, kama ulivyoahidi. Na kila asubuhi kabla ya kuivaa pitisha kidole kwenye kila mshono, vuta kila klipu, ukiona hata uzi umechungulia, usimtie. Usiseme ni kazi ya baba yangu. Hasa kwa sababu ni kazi ya baba yako.

Saruji sikutundika safari hii.

Baba yako, mwanafunzi wa mwoka mikate


1 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mwalimu wako wa mikate hajambo? Ninakuandikia maktaba, nimesimama kwenye dawati la kurudishia vitabu, kwa mikono miwili! Kalamu mkono wa kulia, mkono wa kushoto haujui la kufanya, umelala mezani kama mgeni.

Mkunga wa huku aliipokea Jumatano. Aliivuta kama anagombana nayo. Akanivalisha, akaniambia nimwangalie mtoto, nimsikilize, nimbusu. Nilimbusu bila kunyoosha shingo. Akapitisha vidole. Akaniuliza imenunuliwa wapi, nikamwambia haiuzwi. Akasema, "Basi mwambie huyo asiyeuza kwamba nina kina mama tisa." Nimemjibu kwamba fundi huyo siku hizi anapima kwanza, itabidi wampelekee watoto wenyewe, jicho lake haliaminiwi tena.

Leo saa tatu tumeingia kazini. Nimepanga rafu mbili, ya chini nimeipigia magoti kama ulivyoagiza, msomaji mmoja akadhani ninasali. Mtoto alilia mara moja. Mara ya pili alipovuta pumzi alie, mkuu wa maktaba alikuja mwenyewe, akainama, akamtazama usoni muda mrefu. Nikangoja daftari la watukutu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Anaonekana vizuri humo." Kisha akaenda zake. Baba, nina hakika alikuwa anatabasamu, ila alikuwa amenipa mgongo.

Msusi wenu namshukuru, mama mapacha namshukuru hata kwa matusi yake. Nikifikiria ile siku uliyopita na tano begani mbele ya watu wote, ninataka kumsimamisha kila anayeingia hapa nimwambie. Nimemwambia mmoja. Alikuja kurudisha kitabu cha ufugaji wa nyuki, akaazima kingine.

Sasa njoo. Mjukuu wako ana kilo nne kasoro kidogo na hajakuona. Mikanda nimeilegeza mpaka mwisho, mkwe wako amejaribu na inamtosha, na wewe humzidi kwa tumbo, unamzidi kwa maneno tu. Lakini sikilizeni, wewe na sifa zako: mtoto hakabidhiwi mtu bila mtihani. Nimeazima mwanasesere wa kliniki, anakungoja kwenye kiti cha jikoni. Utamvaa mbele yangu na mbele ya mkwe wako, na jirani wa juu ameomba kuja kutazama. Tukisema "Amekufa!" unaanza upya, hata kama ni mara kumi.

Basi la Jumamosi asubuhi. Dereva nimeshamwambia akuwekee kiti cha mbele.

Binti yako